Usiagize hiyo HX711 kwa bloku za kuanzia mbio, nisikilize kwanza

Mkuu, usiagize. Kama umeshalipia, wahi kusitisha. Umesema mko wanne, mradi wa mwaka wa mwisho, mnataka bloku za kuanzia mbio zitakazomwonyesha mkimbiaji amesukuma kwa nguvu kiasi gani na ameuitikia mlio baada ya muda gani. Umeuliza kama HX711 itatosha, boksi liwe la nini, na programu ya simu iweje. Naanza na hiyo chipu, maana ndiyo iliyotutokea puani.

HX711 ni chipu ya mizani: inageuza ishara ndogo ya kihisi cha uzito kuwa namba. Inasoma mara 10 kwa sekunde, na kwenye bodi nyingi zinazouzwa pini ya kasi imeshafungwa kwenye hiyo 10. Ukiibadilisha inafika 80, basi. Sasa mkimbiaji wa mbio fupi akisukuma bloku, kazi yote tangu miguu inapokaza hadi ya mwisho kuachia ni kama theluthi moja ya sekunde. Piga hesabu kwa ile kasi ya 10: vipimo vitatu, ukibahatika vinne. Tena kwa kasi hiyo ya 10, uzito ukibadilika ghafla chipu inahitaji milisekunde 400 kutulia ndipo itoe namba ya kuaminika. Msukumo unakwisha chipu bado inatulia!

Sisi tuliijaribu HX711 hiyo hiyo kwenye bloku zetu. Maabara tulipanga mawe ya mizani juu ya bamba la bloku, kilo 5, 10, 20, namba zikatoka safi mpaka tukapongezana. Tulikuwa tunapima kitu kilichotulia. Siku ya uwanjani dada mmoja mkimbiaji alitoka kwenye bloku mara kumi na moja. Kila akirudi anahema, anainama kutazama skrini, na skrini inamwonyesha mistari miwili iliyoegemeana kama paa la kibanda. Kocha wake akauliza swali moja tu, la haki kabisa: "Mguu wa nyuma umeachia lini?" Tukatazamana. Alikuwa ameacha mazoezi yake ya asubuhi kwa ajili yetu, na hilo linaniuma hadi leo kuliko alama tulizopoteza.

Aliyetupoteza ni mwanafunzi aliyetutangulia: "Kihisi ni kihisi, chukueni hicho, kila mtu anakitumia." Kila mtu anayepima nini? Unga? Na msimamizi akatia saini orodha ya vifaa bila kuuliza hilo tendo tunalopima linachukua muda gani. Swali moja! Lingetuokolea wiki tisa. Mtu aliyepewa wanafunzi awaongoze hana ruhusa ya kusaini kitu ambacho hajakiuliza.

Na huo muda wa kuitikia ndiyo usiseme. Kanuni ya riadha ya kimataifa inahesabu kwamba aliyeitikia chini ya sekunde 0.1 baada ya mlio ameanza mapema. Kifaa kinachosoma kila baada ya sekunde 0.1 kitamhukumu nani?

Kwa hiyo pima tendo kwanza, kifaa baadaye. Chukua simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde, kaa ubavuni mwa bloku, kisha hesabu picha tangu mguu unapoanza kusukuma hadi kiatu cha mwisho kinapoachana na bloku. Picha 84 ni sekunde 0.35. Ukishaijua namba hiyo ndipo uchague chipu. Mara ya pili sisi tulitumia amplifaya ya analogia (inakuza ishara ya kihisi mfululizo), tukasoma mara 1,000 kwa sekunde, na kwa mara ya kwanza tukaona mguu wa nyuma unaachia huku wa mbele ukiendelea kusukuma. Lile swali la kocha likawa na jibu. Ila usitume kila kipimo kwa Bluetooth papo hapo. Hifadhi kwanza kwenye kumbukumbu ya kifaa, utume msukumo ukishakwisha.

Nenda leo jioni kama kuna mtu anafanya mazoezi. Ukipata idadi ya picha zako iandike hapa, tutachagua chipu pamoja.