Michezo ya ubao kwa Krismasi ya Marangu: chagua ule unaomruhusu mtu kuinuka

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba Desemba hii unawapeleka watoto wako, wa miaka 6, 9 na 14, kula Krismasi kwa babu na bibi yao Marangu, kwamba nyumba itakuwa na watu wapatao 20, na kwamba ungependa kununua michezo miwili mitatu ya ubao itakayowatoa kwenye simu. Umeuliza pia kama Monopoly inafaa kununuliwa, na kama ni vibaya wanafamilia kuwekeana fedha. Mimi ni mtu wa Kibosho, ukoo wetu hukutana kila mwisho wa mwaka, na kwa muda mrefu sasa kazi ya kubeba michezo imekuwa yangu. Nitakujibu kwa yale niliyoyaona yakichezwa hadi Mwaka Mpya na yale yaliyoishia juu ya kabati siku ya pili.

Jambo la kwanza la kuangalia, kwa maoni yangu, si umri ulioandikwa kwenye boksi bali ni muda ambao mtu anaweza kukaa bila kuitwa. Nyumba ya Mchaga wakati wa Krismasi haina mtu anayekaa. Kuna ndizi za kumenya, kuna mbuzi wa kuchinja, kuna mgeni aliyefika anayetakiwa kupokewa mzigo, kuna ibada, na kuna shangazi aliye ng'ambo ya korongo ambaye asiposalimiwa leo kesho atakuwa na neno. Kwa hiyo mchezo unaodai watu walewale wanne wakae mezani saa mbili mfululizo utakatika katikati, na mchezo uliokatika mara mbili hakuna anayeurudia. Mchezo utakaodumu ni ule unaokwisha kwa dakika chache, au ule ambao mtu akiinuka mwingine anakaa mahali pake bila kuharibu kitu.

Kwa kigezo hicho Monopoly inaanguka mapema. Ni mchezo mrefu, na ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba anayefilisika anatolewa huku wengine wakiendelea, kwa hiyo mtoto wako wa miaka 9 anaweza kukaa pembeni jioni nzima akiwatazama wakubwa wakilipana kodi. Asili ya mchezo huo ni ubao uliobuniwa na Mmarekani Elizabeth Magie, aliyepewa hataza yake mwaka 1904, na nia yake ilikuwa kuonyesha ubaya wa watu wachache kuhodhi ardhi. Familia ambayo tayari ina kikao cha kugawana kihamba, yaani shamba la ukoo, baada ya Krismasi haihitaji mchezo wa kuifundisha jambo hilo.

Mchezo ambao ningeuweka mbele ya yote ni drafti. Ubao wake ni wa miraba 64, kila mchezaji ana kete 12, na fundi seremala yeyote wa mtaani atakuchongea ubao mzuri kwa siku moja. Kete ni vizibo vya soda, mmoja akivilaza chali na mwingine akivifudikiza, na sikukuu haijawahi kukosa vizibo. Mchezo mmoja kati ya watu wanaojua huchukua kama robo saa, kisha aliyefungwa anapisha na anayesubiri anakaa. Utaratibu huo wa kupisha ndio unaoifanya drafti ifae nyumba yenye watu wengi, kwa sababu aliyeitwa kwenda kukata majani ya ng'ombe hapotezi chochote zaidi ya zamu yake, na wasiocheza nao wana kazi, nayo ni kutazama na kubisha. Ubishi wa watazamaji ni nusu ya utamu wa mchezo huu, ila muwe na sheria kwamba haruhusiwi mtu kugusa kete isiyo yake, la sivyo wajomba watacheza kupitia mikono ya wapwa zao.

Ninachokusihi ni kwamba sheria zikubaliwe kabla ya kete ya kwanza kusogezwa, na ikiwezekana ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Anayetoka Dar es Salaam, anayetoka Tanga na anayetoka Moshi mjini kila mmoja huja na drafti yake. Mambo yanayoleta ugomvi ni matatu: kama kete ya kawaida inaruhusiwa kula kwa kurudi nyuma, kama kula ni lazima au ni hiari, na kama kingi, yaani kete iliyofika mwisho wa ubao, anatembea mshazari mzima au hatua moja tu. Mkubwa akicheza na mtoto, aanze akiwa na kete 9 badala ya 12. Hii ni bora kuliko kumwachia mtoto ashinde kwa makusudi, kwa kuwa watoto hugundua wanapoachiwa, na wakigundua hawachezi tena.

Keram, ule mchezo wa kupiga kete kwa kidole ziingie kwenye matundu ya pembe za ubao, ni ya pili kwangu. Ina kete 9 nyeupe, 9 nyeusi na moja nyekundu ambayo ni malkia, na uzuri wake ni kwamba watu wanne hucheza wawili wawili, wakikaa kwa kutazamana. Mpe bibi mjukuu wa miaka 6 awe mwenzake, na hutasikia tena habari ya simu mchana ule. Ubao ni mkubwa na mzito, kwa hiyo ulizia kwanza huko huko Moshi kabla ya kuubana ndani ya basi, na usisahau poda, maana bila poda kete hazitelezi na mchezo unakuwa wa kusukumana. Umeme ukikatika usiku keram imekwisha, kwa sababu kivuli cha mkono wako mwenyewe kinakuficha unachokilenga, ilhali drafti inachezeka hata kwa taa ndogo ya sola.

Kwa huyo wa miaka 6 nunua ludo, lakini badilisha sheria ya kutoka. Kwa kawaida kete haitoki mpaka dadu ionyeshe sita, na ukipiga hesabu utaona kwamba katika kila watu watatu mmoja atarusha mara sita bila kuipata. Katika meza ya watu wanne, hiyo ni sehemu kubwa ya mchezo ambayo mtoto anaimaliza akiwa hajasogeza kitu, na hapo ndipo machozi huanzia. Sisi tunaruhusu kutoka kwa sita au kwa moja. Kwa sheria hiyo anayekwama kwa mirusho sita ni chini ya mmoja katika kumi.

Kuhusu bao, swali ni kama babu yao analijua. Bao la kiswahili ni la watu wa pwani zaidi, lakini wazee wengi wa huku waliwahi kufanya kazi Tanga au Dar es Salaam na wakarudi nalo. Kwetu aliyerudi nalo ni baba mkubwa. Lina mashimo 32 na kete 64, na huanza kwa kila mchezaji kuwa na kete 10 tu ubaoni, 6 zikiwa kwenye shimo maalumu liitwalo nyumba, huku 22 zikibaki mkononi na kuingizwa moja moja wakati wa kunamua. Usiwaanzishie watoto hapo. Kuna bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili na mchezo ukaanza moja kwa moja kwenye mtaji, yaani hatua isiyo na kete za mkononi, na mtoto wa miaka 9 hulishika bila shida. Jambo la kupendeza katika bao ni kwamba mzee hapunguziwi chochote wala haonewi huruma. Anakaa kama fundi, vijana wanakuja kujifunza kwake, na hata yule wa miaka 14 ambaye amekuwa akijibu kwa neno moja tangu mwaka jana ataanza kuuliza maswali.

Huyo wa miaka 14 nina pendekezo lake jingine, ambalo kwetu limeshangaza wengi: Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vibao vya herufi, ila kwa Kiswahili. Boksi la Kiingereza lina herufi 100, lakini mgawanyo wake hautufai, kwa kuwa lina A 9 tu, K moja na W mbili, wakati E ziko 12. Unganisha maboksi mawili, toa Q na X zote, punguza E kwa nusu, kisha mkubaliane kwamba K na W zina alama moja moja, maana kwetu si herufi adimu. Utaona mchezo unabadilika kabisa. Kiswahili hurefusha vitenzi kwa mbele, kwa hiyo mtu akiweka PIKA, mwingine anaifanya ANAPIKA, na wa tatu anaongeza W moja tu na kujichukulia alama za WANAPIKA yote. Kwetu wajukuu wanaosoma shule za Kiingereza waliingia wakijiamini sana, na bibi aliyeishia darasa la nne akawafunga kwa viambishi tupu. Mchezo huu ni mrefu kuliko drafti, lakini mchezaji akiitwa, vibao vyake vinaweza kuchukuliwa na mwingine, na mara nyingi huyo mwingine hucheza vizuri zaidi.

Mwisho ni suala la fedha. Kwetu hakuna anayeweka fedha, na sababu yake ni ya kawaida tu: mwenye mshahara na mwanafunzi hawawezi kuweka dau lililo sawa, na shilingi elfu mbili iliyopotea kwa shemeji hukumbukwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Tunawekeana kazi. Anayefungwa mara mbili mfululizo anaosha vyombo, anachota maji, au anajiunga na wanaomenya ndizi za mtori, bila kujali ni mkurugenzi wa wapi huko alikotoka. Wacheza drafti, ambao kwa kawaida jikoni hawaonekani, wamewahi kumenya mikungu mizima kwa utaratibu huu. Wapake mafuta ya kula mikononi kabla ya kuanza, na wavue mashati ya sikukuu, kwa sababu doa la utomvu wa ndizi mbichi halitoki.