Kusomea Udaktari Marekani: Uliza Bei ya Mlango wa Pili Mapema

Kila mwaka matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne Kenya, yakishatoka tu, simu yangu huanza kuingia jumbe za wadogo zangu kutoka Mombasa, Kilifi na Lamu. Swali ni lile lile: "Dada, nimepata A ya biolojia na kemia, nataka kusomea udaktari Marekani. Nianzie wapi?" Nimekuwa nikimjibu kila mmoja peke yake. Leo nayaandika mahali pamoja, kwa sababu mimi niliyajua nikiwa nimechelewa, na kuchelewa huko kulinila mwaka mzima pamoja na pesa ambazo mama yangu alizipata kwa kuamka saa kumi alfajiri kuchoma mahamri.

Nilikuwa nimeshajaza nusu ya fomu ndipo nikagundua kwamba sikujua hata ninaomba nini. Kwetu ukitoka kidato cha nne na alama nzuri unaingia moja kwa moja kusomea udaktari. Marekani unasoma kwanza shahada ya miaka minne, ya somo lolote ulipendalo, hata historia, mradi ndani yake upitie biolojia, kemia, kemia ogania, fizikia na biokemia. Ukimaliza unaomba upya kuingia shule ya udaktari, miaka mingine minne. Baada ya hapo kuna mafunzo ya hospitalini: mitatu kwa atakayekuwa daktari wa familia, saba kwa atakayepasua ubongo. Programu chache zinazounganisha hatua mbili za kwanza zipo, lakini nyingi hazipokei wageni, kwa hivyo usizijengee matumaini. Unachokiomba ukiwa na miaka kumi na tisa ni mlango wa kwanza tu.

Kwenye mlango huo nilianguka mara ya kwanza. Niliomba vyuo tisa kwa kufuata majina niliyoyasikia, viwili vikanikubali. Nakumbuka nimekaa saiba moja pale Mwembe Tayari, nikasoma ukurasa wa kwanza wa barua huku machozi ya furaha yakinitoka, kisha nikashuka hadi ukurasa wa pili na kukuta natakiwa kulipa zaidi ya dola 40,000 kila mwaka. Nilifunga kompyuta, nikalipa dakika zangu, nikaenda nyumbani kwa miguu.

Kosa langu lilikuwa kutouliza nani humsaidia mgeni. Viko vyuo vichache mno, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, ambavyo humkubali hata mwanafunzi wa nje bila kuangalia uwezo wa mfuko wake, kisha vikaziba pengo lote la karo. Ushindani wake unaujua. Viko vingine, hasa vyuo vidogo vya shahada ya kwanza ambavyo jirani yako hajapata kuvisikia, ambavyo huangalia uwezo wako kabla ya kukukubali, lakini vikishakukubali hukubeba kikamilifu. Vyuo vikuu vya umma vya majimbo mara nyingi havina cha kumpa mgeni kinachotosha. Mwaka wa pili niliomba vile vya kundi la kati, na kimoja kikanichukua kwa ufadhili kamili.

Kingine kilichobadilika ni insha. Ya kwanza ilianza, "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuokoa maisha ya watu." Naamini wasomaji wake waliisoma mara mia wiki hiyo, kila mara ikiwa na jina tofauti. Ya pili nilimwandika bibi yangu. Bibi ana sukari, na nyumbani Kisauni hatukuwa na friji. Insulini yake tuliitia ndani ya chupa yenye kifuniko, chupa tukaiweka ndani ya mtungi wa udongo karibu na dirisha la uani, penye upepo. Kila asubuhi kabla ya shule, kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji ya mtungi, kukausha chupa kwa kitambaa na kuikagua dawa kwenye mwanga. Ile ya maji matupu ikiingia ukungu haifai. Ile iliyo kama maziwa hujitenga tabaka, lazima uibingirishe viganjani polepole kabla ya kuvuta sindano. Nilieleza hayo tu, na jinsi nilivyoanza kujiuliza kwa nini udongo unapoza maji. Nafasi ni maneno 650, na sikuliandika neno "ndoto" hata mara moja. Ukikaa chini kuandika, tafuta mtungi wako. Kila nyumba ina wake.

Barua ya mwalimu nayo iangalie. Walimu wetu wamefunzwa kuandika "ni mwanafunzi mwenye nidhamu na bidii" kisha wakagonga muhuri. Huko barua ya namna hiyo haimsaidii mtu. Nilimwendea mwalimu wangu wa kemia na karatasi nikiwa nimemkumbushia mambo manne: siku niliyorudia jaribio mara tatu, kikundi nilichokiongoza, na kadhalika. Hakukasirika. Alisema laiti wote wangemfanyia hivyo.

Tarehe na fomu hazina siri. Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, hufunguka tarehe 1 Agosti, maombi ya mapema hufungwa Novemba, ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Fomu ya fedha inayoitwa CSS Profile ijaze pamoja na mzazi, kwa ukweli mtupu, hata kama kipato ni cha mahamri. Ada za maombi omba usamehewe; niliandika barua pepe fupi za heshima na vyuo vingi vikanisamehe. Kuhusu SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya huko, kila chuo kina msimamo wake siku hizi na baadhi vimeirudisha, basi soma ukurasa wa chuo chenyewe. Viza pia masharti yake hubadilika, na hayako sawa kwa kila nchi ya kwetu; yasome kwenye tovuti ya ubalozi, usiyachukue barazani.

Sasa mlango wa pili, yaani shule ya udaktari yenyewe, ambao ndio ulionifanya niandike haya. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilimpelekea mshauri wa masomo orodha ya shule 22 za udaktari nilizozichapisha. Alichukua kalamu nyekundu, akaanza kukata. Hii hupokea wakazi wa jimbo lake tu. Hii haimpokei asiye raia wala mwenye makazi ya kudumu. Hii pia. Alikata kwa upole, akinieleza sababu ya kila mstari, na alipomaliza zilibaki sita. Kisha akaniambia kuhusu zile sita: baadhi humtaka mgeni aweke kwenye akaunti ya amana karo ya mwaka mzima, nyingine ya miaka yote minne, kabla hajaingia darasani. Mikopo ya serikali ya Marekani kwetu haipo. Nilitoka ofisini mle nikakaa kwenye ngazi nje, theluji ikidondoka, na sikuihisi baridi.

Hakuna aliyenidanganya. Ni vile tu sikuuliza.

Niliomba mara mbili. Mara ya kwanza sikupata hata usaili mmoja. Nilitumia ruhusa ya kazi tunayopewa baada ya shahada, nikafanya kazi kwenye maabara, nikarudi kuomba tena, na shule moja inayotoa msaada kwa wageni pia ikanipokea. Kwa hivyo inawezekana, lakini jiandae hivi. Alama za masomo ya sayansi zitunze tangu muhula wa kwanza, maana mgeni hana nafasi ya kuteleza. Tafuta kumfuata daktari kazini na kujitolea hospitalini mapema. Kujitolea hakuvunji masharti ya viza ya mwanafunzi, ilhali kazi ya malipo nje ya chuo bila idhini huvunja. Utafiti utafute kwa maprofesa wa chuo chako mwenyewe, kwani nafasi nyingi za kiangazi zinazolipwa na serikali huwekewa raia na wakazi wa kudumu. Na shahada yako ichague iwe ya kukulisha hata mlango wa pili ukigoma. Mimi nilisoma biokemia, na ndiyo iliyonilipia kodi ya nyumba nilipokataliwa.

Kisha kuna njia ambayo wengi wenu huidharau: kusoma udaktari nyumbani, halafu kufanya mitihani ya USMLE, ile ya leseni ya udaktari Marekani, na kuomba mafunzo ya hospitalini huku. Rafiki yangu wa bweni alisomea Nairobi. Leo tuko jiji moja. Yeye yumo kwenye mafunzo na analipwa mshahara, mimi bado mwanafunzi. Njia hiyo nayo ina ushindani wake, na wanaofanya mafunzo hayo kwa viza ya J-1 (ya wageni wa mafunzo) hutakiwa kurudi nyumbani kwa miaka miwili wakimaliza. Lakini kwa mtoto aliyepata nafasi ya udaktari nyumbani na mzazi asiye na akiba, mimi humwambia aichukue, na humwambia kwa moyo mmoja.

Ukiamua kuomba huku, kabla ya kujaza chochote kiandikie kila chuo maswali matatu. Katika miaka mitano iliyopita, ni wanafunzi wangapi wa viza walioingia shule za udaktari kutoka kwenu? Mnaye mshauri anayeijua njia yao? Mtaendelea kunisaidia nikiomba baada ya kuhitimu? Mwaka jana binamu yangu aliyatuma kwa vyuo 14. Sita vilimjibu, vinne kwa idadi kamili, na vile vinne ndivyo alivyoviomba.