Mume wangu anamwaga chenji ya duka mkekani

Shangazi, mume wangu ana duka la rejareja Ngamiani. Usiku akishafunga, anamwaga chenji yote mkekani, yeye na watoto wanaichambua mpaka wasinzie. Wanazozipenda wanazitia kwenye kopo. Naona wanachezea mtaji. Sasa mama mkwe amewapa sarafu yenye tundu, anasema ni ya Mjerumani, na mkubwa anataka kuisugua kwa limau. Nifanyeje?
Mama Z., Makorora

Mama Z. mwanangu, kwanza funga hilo limau. Asidi yake inakula uso wa sarafu, na wakusanyaji hawaitaki sarafu iliyosuguliwa. Ifute kwa kitambaa laini kikavu, basi. Kisha soma maandishi, maana tundu peke yake si ushahidi. Ikiandikwa DEUTSCH OSTAFRIKA, mama mkwe kasema kweli. Ikiandikwa EAST AFRICA, hiyo ni ya Mwingereza, aliyetoa za senti 10 zenye tundu mpaka 1964. Vyovyote iwavyo, msimuuzie mpita njia.

Kuhusu mtaji una haki, lakini nusu tu. Chenji inayorudi dukani asubuhi haijapotea. Inayopungua ni ile ya kopo, kwa hiyo wekeni sharti: anayetoa mia aweke mia nyingine hapo hapo. Huko Marekani watu huchukua sarafu benki, wakatafuta za senti 10 na 25 za kabla ya 1965 zenye madini ya fedha asilimia 90, na zilizobaki wakazirudisha. Hakuna anayefilisika.

Ila barua nzima hujasema hata mara moja kwamba umekaa nao. Hapo ndipo panapokuuma, au nakosea? Leo usingoje kuitwa, kaa. Mwombe mdogo akuonyeshe kifaru kwenye hamsini, simba kwenye mia mbili, nyati kwenye mia tano. Mkubwa akikuuliza Mzee Karume wa upande wa pili wa mia mbili alikuwa nani, mweleze wewe. Na kama kwenu kuna mzee mwenye sarafu za 1966, za mbuni na sungura, zilete. Baba yao hana hizo, na watoto watakugombania. Mume anayemaliza kazi akaenda kukaa na wanawe, mwanangu, usimkatishe tamaa kwa maneno ya mtaji.

Wakimaliza, wote wanawe mikono kwa sabuni, na kopo likae juu ya kabati mtoto mdogo asije akameza.