Mdogo wangu, usichague kati ya ndege na penseli

Wiki iliyopita binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita, tahasusi ya CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), aliniandikia: "Dada, shikamoo. Napenda ndege na napenda kuchora. Baba anasema nichague kimoja chenye mshahara. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Usichague. Kwangu mimi hiyo ni kazi moja.

Nilisoma zuolojia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyumbani Temeke waliniuliza kila Idi nitapata lini kazi ya kueleweka. Leo kodi ya nyumba na ada ya mwanangu zinatoka kwa ndege: nawahesabu kwenye tathmini za athari kwa mazingira, kisha nawachora kwa ajili ya mabango na vitabu vya watoto. Mwezi huu bango langu limesimikwa na jina langu limeandikwa chini yake. Mama alikuja kulisoma, akalipapasa kwa kidole. Nimejivunia na sioni haya kusema.

Utaambiwa kamera zimemaliza kazi ya mchoraji. Si kweli. Picha inakupa ndege mmoja, kwa dakika moja, pengine nusu yake iko kivulini. Mchoro unawaweka dume, jike na kinda kwenye ukurasa mmoja, kwa mkao mmoja, ili msomaji alinganishe. Na kazi haijaisha: nchi yetu ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na kwale wa Udzungwa alitambulishwa kwa sayansi mwaka 1994 tu. Jonathan Kingdon, aliyezaliwa Tabora mwaka 1935, ni mwanasayansi na mchoraji kwa pamoja. Mtu akikuambia haiwezekani, mtajie huyo.

Sasa pesa. Kuna mradi ulichukua michoro yangu ukaichapisha bila jina langu na bila senti. Nilipouliza, nikaambiwa nishukuru kwa kuwa nimejulikana. Inaniuma mpaka leo. Kwa hiyo weka saini kwenye kila mchoro. Taja bei kabla hujachonga penseli, na iandikwe, hata kama mteja ni mjomba wako. Vijana tunadharauliwa kwa sababu tunakubali kudharauliwa. Kazi ya mikono ni kazi, lazima tuiheshimu sisi kwanza.

Na acheni kuchora kutoka kwenye simu! Nendeni mkamwone ndege. Hata vielelezo vya makumbusho, yaani ndege waliokaushwa, havitoshi, maana ndege akishakufa rangi ya macho, miguu na mdomo hufifia. Andika rangi hizo palepale ukiwa naye, pamoja na tarehe, mahali na alichokuwa anakula. Daftari hilo ndilo litakalomfanya mwanasayansi aamini mchoro wako.

Anzia Kunduchi, ufukweni Dar es Salaam. Usiende maji yakiwa yamekupwa kabisa, ndege watakuwa mbali sana. Fika yanapoanza kujaa, yatawasogeza kwako. Tafuta ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa; kwa Kiingereza huitwa crab plover. Huzaliana kaskazini, kwenye fukwe za Uarabuni na Somalia, na hutaga ndani ya shimo mchangani. Chora mdomo kwanza, kisha pembe ya shingo, manyoya yasubiri. Nitumie karatasi hiyo ikiwa vilevile, usifute kitu, nitakuonyesha pa kurekebisha.