Mwezi mpevu, saa nne usiku: maji yako wapi?

Mwaka juzi nilimzamisha mtu baharini. Nilimzamisha kwa raha zangu, kurasa sita nzima: mwezi mpevu, saa nne usiku, mawimbi yanapiga mizizi ya mikoko upande wa Chongoleani, hapa Tanga, na jamaa yangu, madeni yamemfika puani, anajitosa ili aliwahi dau lililotia nanga. Haliwahi. Katika riwaya nzima hakuna sura niliyoipenda kama ile.

Jumamosi moja nikaenda soko la Deep Sea kununua samaki. Pale kuna mzee mshona nyavu ninayemwamkia kila nikipita. Siku hiyo, baada ya shikamoo na marahaba, nikajikuta namsimulia sura yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, sindano mkononi. Kisha akauliza:

"Mwanangu, mwezi mpevu, saa nne usiku, maji yako wapi?"

Nikamwambia yako pale pale, yanapiga mikoko.

"Yanapiga nini! Hilo si bamvua? Saa nne maji yamekupwa zamani, yako kule. Huyo bwana wako angekwenda kwa miguu mpaka kwenye dau, tope likimfika hapa." Akajigusa muundi.

Nimezaliwa Tanga, nimekulia Tanga, na sikujua. Kwetu huku mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndiyo bamvua: maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa karibu dakika 50. Wanawake wanaokwenda kuchokoa pweza wanayajua haya bila kutazama kalenda. Mimi ninayejiita mwandishi wa pwani nilikuwa nimetia maji mahali penye tope.

Watu wakinitumia hadithi zao niwasomee, wengi huniuliza kipaji kinatoka wapi. Kipaji sikijui vizuri. Ninachokijua ni kwamba hadithi nyingi zinafia pale mwandishi alipoona haya kuuliza. Na kuuliza kwenyewe kuna namna yake. Ukimwendea fundi cherehani ukamwambia "naomba unieleze kazi yako," atakaa sawa, atakohoa, atakupa hotuba ya mgeni rasmi. Msimulie hadithi yako, ikosee kazi yake mbele yake, uone. Hatavumilia. Atakunyang'anya kitambaa akuonyeshe pindo linavyokunjwa, na maneno yatakayomtoka wakati huo ndiyo unayoyataka. Mimi siku hizi nakosea makusudi, ingawa mara nyingi, Mungu anisamehe, wala sihitaji kujitahidi.

Kuhusu muda nitasema machache. Nafanya hesabu za duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, nina watoto wawili wa shule, na naandika kuanzia saa kumi na nusu alfajiri mpaka saa kumi na mbili kasoro, kwa mkono, kwenye kaunta buku. Ukurasa mmoja kwa siku. Ukitoka mbaya, umetoka mbaya, kesho kuna mwingine. Anayeniambia ajira inamnyima nafasi ya kuandika namkumbusha jirani yetu wa Vibambani, Shaaban Robert: alizaliwa 1909, akafa 1962, na miaka mingi katikati hapo alikuwa mtumishi wa serikali, akianzia forodhani. Sijui alikuwa analala saa ngapi.

Nikimaliza ukurasa silali nao peke yangu. Jioni namsomea wifi yangu akiwa anachambua mchele. Simwombi maoni, maana ataniambia "nzuri, wifi," kwa heshima. Namtazama mikono. Vidole vikisimama juu ya ungo, hadithi imeshika. Akianza kuniambia gesi inakaribia kwisha, najua nimempoteza, na naweka alama pembeni mahali hapo hapo. Wakati mmoja nilimsomea konda wa daladala akisema, "Samahani abiria, naomba ulipe nauli yako." Alicheka mpaka chuya zikamwagika. Konda gani huyo? Konda anagonga sarafu mkononi na kusema, "Nauli huko nyuma, nauli!" basi. Nilikuwa nimepanda daladala asubuhi ile ile, nimelipa nauli, na masikio nimeyaacha nyumbani.

Wifi ndiye pia aliyenifundisha kufuta, bila kujua. Nilikuwa na mjane katika hadithi moja, na niliandika hivi: "Alisikitika sana. Moyo wake ulijaa huzuni isiyoelezeka, machozi yakamtiririka kama mvua ya masika." Nikasoma, mchele ukaendelea kuchambuliwa. Nikarudi mezani nikajiuliza mwanamke huyo mikono yake iko wapi. Kesho yake nikaandika: "Alikunja kanzu ya marehemu mara nne, akaiweka sandukuni. Akaitoa, akaikunjua, akainusa kwapani, akaanza kuikunja upya." Nilipofika kwapani, vidole vilisimama. Wifi ni mjane. Hakusema kitu, nami sikumuuliza, nikafunga daftari tukapika.

Huzuni isiyoelezeka ni kazi yako kuieleza. Nikiliona neno hilo kwenye mswada wa mtu naweka kalamu chini kidogo, ninywe maji.

Jambo jingine dogo ila liliniuma: mswada wangu wa kwanza niliukabidhi mahali fulani bila kubaki na nakala. Kila nikiulizia naambiwa aliyekuwa anaushughulikia amehama. Kurasa 180 za mkono. Sasa kila Jumapili napiga picha kurasa za wiki kwa simu na kumtumia dada yangu aliye Morogoro. Hazisomi, ananiambia waziwazi, lakini anazo.

Sasa yule mtu wangu niliyemzamisha. Nilidhani nitabadilisha saa tu na mambo yaishe, nimtoe saa nne nimpeleke saa kumi alfajiri. Haikuwa hivyo. Saa nne usiku alikuwa ametoka kugombana na wadai barazani, hasira bado ya moto. Kufika saa kumi amekaa macho saa sita nzima. Hasira imepoa, na mtu aliyepoa hajitosi majini hivi hivi, lazima awe amekata shauri. Ikanibidi nijue amekata shauri gani. Kurasa sita zikawa kumi na tisa, na mtu akawa mwingine kabisa.

Nikarudi Deep Sea. Mzee alikuwa pale pale na wavu mwingine. "Enhe," akasema kabla sijakaa, "bwana wako amezama au bado yuko topeni?"

Nikamwambia nimempeleka saa kumi alfajiri, maji yamejaa.

Akavuta uzi, akaukata kwa meno, akafikiri.

"Hapo sawa," akasema. "Ila saa kumi bamvua watu ndiyo tunaingia pwani. Mbona hakuna aliyemwona?"

Sikuwa na jibu. Nikanunua fungu la vibua, nikapanda bajaji, nikarudi nyumbani na swali langu.