Kujifunza greda: jibu kwa aliyeuliza kama miezi mitatu inatosha

Mkuu, umesema una miaka mitatu kwenye usukani wa Fuso, umepata nafasi ya kozi ya mitambo ya miezi mitatu, na unauliza mambo mawili: kama ni kweli greda, ule mtambo wa kuchonga na kusawazisha barabara, ni gumu kuliko katapila (tingatinga) na kijiko (mtambo wa kuchimbia), na kama miezi hiyo itatosha kukupa kazi. Waliotangulia wamekujibu "ni mazoezi tu". Si uongo, ila hilo ni jibu la mtu aliyechoka kuandika. Mimi nilianza kama utingo wa greda 2010, huko Sikonge, Tabora, na mpaka leo nakula kupitia hilohilo. Ngoja nikueleze nilivyoliona, kaa mkao wa kusoma.

Ndiyo, ni gumu kuliko hiyo mingine, lakini si kwa sababu ya wingi wa liva, yaani vile vishikio vya kuongozea mashine. Kijiko kinasimama mahali pamoja. Ukichota vibaya unarudi unachota tena, hakuna aliyejua. Greda linatembea juu ya kazi yake lenyewe. Bledi, lile bapa refu la chuma linalokata udongo, iko tumboni, mbele yake kuna matairi mawili, nyuma yake manne. Ulichokata sasa hivi, baada ya sekunde mbili tatu matairi ya nyuma yanakikanyaga. Kama umekata kashimo, nyuma inadumbukia, na ikidumbukia inaishusha bledi nayo, kwa hiyo unakata kashimo kengine mbele. Nyuma ikipanda kutoka kwenye kashimo, bledi inainuka, unaacha kigongo. Unakwenda hivyo mita hamsini ukishangaa greda linadunda kama ngoma. Ukikuta barabara iliyopitiwa jana ina mawimbi yanayofuatana kwa umbali uleule, jua kosa lilikuwa moja tu mwanzoni, mengine yote ni watoto wake.

Umbo hilohilo ndilo linalofanya greda liweze kusawazisha. Chukua haya magreda ya zamani ya kampuni ya Caterpillar, Cat 140: kutoka ekseli ya mbele hadi katikati ya matairi ya nyuma ni kama mita 6, na bledi iko kama mita 2 na nusu nyuma ya ekseli ya mbele. Tairi za mbele zikipanda kigongo cha sentimita 10, bledi inapanda sentimita 6 hivi tu. Nyuma ndiyo kabisa: matairi manne yamefungwa mawili mawili kwenye boksi linalobembea, kwa hiyo tairi moja likipanda sentimita 10, katikati ya boksi panapanda 5, na bledi inasikia kama 2. Mashine yenyewe inakupunguzia ubaya wa barabara kila unapopita. Kazi yako ni kutouongeza. Ndiyo maana mzee aliyenifundisha alikuwa anasema uanze kukata pale ambapo greda limesimama sawa, hata kama itabidi urudi nyuma mita ishirini kupatafuta.

Mzee huyo tulimwita Babu. Alinipakisha grisi miezi minne kabla sijagusa usukani, na nilimchukia. Sehemu za kupaka grisi kwenye greda ni nyingi, na nyingine ziko chini ya duara lenye meno linalozungusha bledi, mahali ambapo unalala chali vumbi linakumwagikia usoni. Mchana, badala ya kunipandisha juu, alinitembeza kwa miguu nyuma ya mashine ikifanya kazi. Swali lake lilikuwa moja kila siku: "Udongo unaingilia wapi, unatokea wapi?" Mimi nilikuwa naangalia bledi, nikawa namjibu ovyo. Mwezi wa pili ndipo nikaona. Bledi haisukumi udongo kama koleo. Imekaa mshazari, ncha moja mbele, ncha nyingine nyuma. Udongo unakatwa, unapanda ule mbinuko wa bledi, unajiviringisha kama ugali unaogeuzwa sufuriani, halafu unateleza kuelekea ncha ya nyuma na kutoka ukiwa tuta refu. Bledi ikikaa karibu na kukingama njia, udongo unajaa mbele na kumwagika pande zote mbili. Ukiilaza mshazari zaidi, unakimbia upesi kwenda pembeni. Na ukiinamisha sehemu ya juu ya bledi kwenda mbele, haikati sana, inaburuta na kuchanganya. Ukiilaza nyuma, inakwangua kama kisu. Ukishayaona hayo kwa macho, liva zinakuwa jambo la vidole tu.

Kuna kitu kinachowachekesha watu wa vijijini: matairi ya mbele yanayolala upande. Watoto walikuwa wanapiga kelele "limevunjikaaa!" Tairi linalazwa kwa sababu bledi ikimwaga udongo kushoto, udongo nao unalisukuma greda kulia. Unalaza vichwa vya matairi upande ule udongo unakomwagikia, mashine inanyooka. Ujanja huo ni wa zamani kuliko magreda ya injini: Mmarekani J. D. Adams alikuwa na greda la magurudumu yanayolala mwaka 1885, likivutwa na wanyama. Caterpillar walikuja na Auto Patrol mwaka 1931, injini ikiwa nyuma, na kimsingi ndilo umbo tunaloendesha leo.

Kuhusu liva. Magreda ya zamani kama 140G na 140H, na mengi ya Kichina unayoyakuta saiti sasa hivi, yana usukani na safu ya liva kushoto na kulia kwake. Moja inainua ncha ya kushoto ya bledi, nyingine ya kulia, moja inazungusha duara, moja inaisogeza bledi pembeni, moja inalaza matairi, moja inakunja kiuno cha mashine, na kadhalika. Kwenye 140M, iliyotoka mwaka 2007 hivi, Caterpillar waliondoa usukani wakaweka vijiti viwili. Vijana wanavipenda. Ushauri wangu, ukiwa na hiari, anza na liva. Anayetoka kwenye liva kwenda kwenye vijiti anazoea kwa wiki. Niliowaona wakitoka kwenye vijiti kwenda kwenye liva walihangaika, na saiti nyingi za wilayani utakuta liva.

Zoezi la kwanza juu ya kiti lilikuwa hili. Babu alimwagisha tripu moja ya kifusi kwenye uwanja wa kambi. Nikiambiwa "laza", nalitandaza lundo lote unene mmoja. Nikimaliza, "kusanya", nalirudisha liwe tuta moja lililonyooka. Halafu "laza". Siku tatu. Siku ya pili alishuka na ndoo ya maji ya kunywa, akaiweka pembeni mwa njia yangu, akasema ukiigonga leo huli. Gia ya kwanza, mkono wa kushoto na wa kulia kila mmoja na ncha yake, na usiguse liva kwa nguvu: unaigonga kidogo kama unapima chumvi. Kosa la kila anayeanza ni kuona kigongo, kuinua bledi, kuona imeinuka mno, kuishusha, na kila anachofanya kinachelewa. Ukiwa na wasiwasi, usiguse kitu. Acha mashine ipite.

Kosa langu kubwa nilifanya wiki ya sita. Nilikuwa nakata mtaro, bledi nimeisogeza pembeni sana na kuishusha kona. Nikataka kugeuza, nikazungusha duara bila kuirudisha bledi katikati kwanza. Kona ya kisu ikaingia kwenye ubavu wa tairi la nyuma kama wembe kwenye embe. Sauti yake sijaisahau. Kontrakta aliyekuwa ametuajiri akanikata mshahara miezi mitatu, na sikuwahi kuonyeshwa risiti ya hilo tairi. Basi chukua hili bure: kabla ya kuzungusha duara, angalia matairi ya nyuma na ngazi ya kupandia, kila mara, hata ukiwa na miaka ishirini kazini. Na ukikunja kiuno huku bledi imezungushwa sana, ni hatari ileile.

Sasa udongo, maana hapa ndipo waendeshaji wa vyeti wanapofeli. Greda halitengenezi barabara ya vumbi, linahamisha vumbi. Changarawe kavu ukiikwangua na kuitandaza, magari yataitupa pembeni ndani ya wiki mbili. Inatakiwa unyevu, ikandamizwe na rola, ishikamane. Kipimo cha Babu kilikuwa ngumi: chota udongo, kamua. Ukifungua kiganja ukavunjika wote, bado mkavu, ita boza la maji. Ukiacha maji mkononi, subiri. Ukishika kama andazi na ukigawanyika vipande viwili ukibonyeza kwa kidole, twende kazi. Kwa Tabora mvua ni Novemba hadi Aprili, na wakati mzuri wa kuchonga ni mwanzoni au mwishoni mwa mvua. Lakini mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, mikataba inasainiwa, na wewe unajikuta barabarani Agosti kwenye vumbi linalofika magotini, boza moja linalofuata maji kilomita kumi na tano. Hapo usimlaumu opareta peke yake.

Kwenye ile mikunjo kama ya bati inayotikisa gari mpaka meno, wengi wanafanya kazi ya kudanganya: wanakwangua vichwa na kujaza mabonde kwa vumbi. Siku nne bati limerudi palepale, kwa sababu chini mabonde magumu bado yapo na tairi zinayakumbuka. Dawa ni kukata mpaka chini ya mabonde. Kama pamekuwa pagumu, shusha ripa kwanza, yale meno ya chuma ya kufumulia udongo mgumu, fungua, kisha changanya na maji, tandaza, kandamiza. Ni kazi mara tatu ya ile ya kwanza, na ndiyo maana haifanywi.

Halafu kuna mgongo wa barabara, sisi tunauita kemba. Barabara ya changarawe yenye upana wa mita 6, ukitaka mteremko wa asilimia 5 kila upande, katikati inatakiwa iwe juu ya ukingo kwa sentimita 15. Ukiambiwa hivyo unaona nyingi, lakini ipunguze uone mvua ya kwanza. Opareta mvivu anapita katikati na bledi iliyolala sawa, anakata mgongo, barabara inapendeza kwa macho, na anayekagua akiwa ndani ya gari anasifia. Maji yanakaa juu, mashimo yanaanza. Mbaya zaidi ni wale wanaomwaga tuta nje kila mwaka bila kulirudisha. Miaka mitano hivi, barabara iko chini kuliko mashamba, na kingo zimekuwa kuta. Hiyo si barabara tena, ni mto wenye namba. Tuta lirudi ndani, na pale penye njia ya kutolea maji shambani, inua bledi au shuka na koleo ufungue. Nimeona mtaro mzuri umezibwa na tuta la sentimita 20 tu, maji yakarudi yakala tuta lote la barabara.

Kitu kingine kidogo, angalia kisu, yaani kile chuma kinachofungwa kwa bolti chini ya bledi. Kikiliwa katikati kikawa kama upinde, hata uwe fundi namna gani utaacha kigongo kila unapopita, nawe utajilaumu bure. Pia usikiache kiishe mpaka bledi yenyewe ianze kuliwa. Kisu kinabadilishwa, bledi ni hasara ya mwenye mali. Ukizima mashine, bledi na ripa viwe chini ardhini. Na usiingie chini ya bledi iliyoinuliwa kwa kuiamini haidroliki, hata kwa kufunga bolti moja. Weka magogo.

Kwenye miezi mitatu sasa. Itakupa cheti, utajua kuwasha, kuhamisha, kutandaza, kukata mtaro uliokubalika. Haitakupa kazi ya kumalizia, ile ya kufuata pegi za mpimaji kwenye tabaka la juu kabla ya lami, ambako wanahesabu milimita. Mimi nilipewa pegi mwaka wa nne. Kwa hiyo ukimaliza usitafute mradi wa lami, tafuta matengenezo ya barabara za wilaya, zile kazi za TARURA (wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini) ambazo wakubwa wanazikimbia. Huko utakuwa peke yako na greda bovu kilomita arobaini, hakuna wa kukushikia mkono, na hapo ndipo mikono inapotulia. Fuso yako itakusaidia kwenye kusikia injini na kuheshimu breki. Itakuponza kwenye mwendo, maana dereva wa lori anachukia kwenda kilomita nne kwa saa, na greda likianza kudunda dawa ya kwanza ni kushusha gia, kabla ya kugusa liva yoyote.

Na jioni, jua likiwa limelala, shuka utembee juu ya kazi yako. Chuchumaa, angalia kwa mbali ukiwa umeinamisha kichwa. Kila wimbi litakuwa na kivuli chake.

Kabla hujalipa ada, nenda uwaulize swali moja: wanafunzi wako wangapi kwa greda moja, na kila mmoja anakaa kwenye kiti saa ngapi kwa wiki, greda likiwa linatembea. Wakikujibu kwa maelezo marefu badala ya namba, njoo uniambie, kuna saiti mbili tatu ambako bado wanachukua utingo.