Muskat mwezi wa saba: usitafute nguo, tafuta kitambaa

Dada mleta mada, umesema unakwenda Muskat mwezi wa saba kwa siku kumi na mbili, utafikia kwa ndugu, begi moja tu, na unauliza nguo za pamba au kitani zisizokuchoma utazipata wapi hapa Dar bila kufilisika. Wengi wamekujibu "nunua pamba tupu" wakaenda zao. Mimi nimeshakwenda kipindi hicho hicho mara tatu, na mara ya kwanza niliumbuka, kwa hiyo vumilia urefu wa jibu.

Safari ile ya kwanza nilibeba magauni manne mapya. Mepesi, laini, hayashiki mikunjo. Niliyakunja yakawa madogo kama leso na nilijiona mjanja kweli. Tulitua usiku. Nilipovuka mlango wa uwanja wa ndege nilidhani kuna injini inanipulizia, kumbe ndiyo hewa yenyewe. Mchana mwezi ule joto hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na kwa kuwa mji uko baharini, fukuto halikuachii hata saa nane za usiku. Siku ya tatu harara zilikuwa zimenitapakaa shingoni, chini ya matiti na kiunoni penye lastiki. Shangazi yangu, mtu wa Unguja aliyehamia kule zamani, akashika pindo la gauni langu, akalisugua kwa vidole viwili, akasema: "Mwanangu, hii nguo au nailoni ya kufungia mkate?" Akaniletea gauni lake la pamba la kulalia, limefuliwa mpaka maua yake huyaoni tena. Nililivaa karibu wiki nzima.

Shangazi hakukosea. Magauni yale yalikuwa ya poliesta, na poliesta ni plastiki iliyovutwa ikawa uzi. Katika hewa ya kawaida pamba hushika unyevu wa asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake, kitani hukaribia 12, poliesta haifiki hata nusu asilimia. Jasho halina pa kwenda, linabaki kwenye ngozi. Halafu mafuta ya mwili hung'ang'ania kwenye nyuzi zake, ndiyo maana blauzi ya poliesta unaifua inanukia vizuri, ukiivaa nusu saa tu juani kikwapa cha wiki iliyopita kinarudi.

Ila neno "pamba" peke yake halitoshi. Jinzi nayo ni pamba, jaribu kuivaa Muskat mchana uone. Bibi zetu walikuwa na majina kwa kila uzito: melimeli nyepesi kama pumzi, bafta nyeupe ya wastani, kaniki nyeusi ya kazi, na marekani, ile nguo ngumu isiyopaushwa iliyoletwa Unguja na merikebu za Salem kule Massachusetts, biashara iliyonoga mpaka Wamarekani wakafungua ubalozi mdogo Zanzibar mwaka 1837. Wewe unatafuta ndugu wa melimeli. Wauzaji vijana wengi hawalijui jina hilo, kwa hiyo mimi huwaambia nataka pamba nyepesi ya kumshonea mtoto mchanga. Hapo wananielewa mara moja. Kisha nainua kitambaa juani: nikiona mwanga unapenya kwenye matundu madogo kati ya nyuzi, nimefika. Kikiwa chepesi lakini kimebanana kama mwavuli, nakirudisha.

Hoja yangu ni hii: acha kutafuta nguo iliyokwisha kushonwa. Nunua kitambaa, mpe fundi. Madukani nguo nyingi za "safari" zimechaguliwa kwa sababu hazikunji, na kutokunja ndiyo dalili ya kwanza ya plastiki. Tena ukinunua kitambaa una nafasi ya kukipima. Nenda Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo (ukiwa Unguja, Darajani, ukiwa Mombasa, Biashara Street), omba uzi mmoja kutoka kwenye pindo, uuchome pembeni kwa kiberiti. Pamba na kitani huwaka, hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini unayoweza kuyapuliza. Poliesta hujikunyata ikikimbia moto, inayeyuka, inaacha donge gumu kama ushanga. Hariri na sufu hunuka nywele. Ukipata harufu ya karatasi na donge pia, ni mchanganyiko, kama ile tetroni ya sare za shule. Wapo wauzaji watakaonuna. Anayenuna sana ana sababu yake.

Moto unadanganywa na kitu kimoja, viskosi, kwa sababu hutengenezwa kwa massa ya miti na huungua kama pamba. Madera mengi niliyoyashika siku hizi ni hiyo. Siisemi vibaya, ni ya baridi na inateleza vizuri mwilini, lakini ikilowa inakuwa nzito na dhaifu. Ndiyo njia ya kuitambua: lowesha uzi kwa mate, uvute. Wa viskosi hukatika kama mlenda, wa pamba ukilowa huwa na nguvu zaidi. Na usilipie zaidi nguo zinazoitwa za mianzi. Mara nyingi ni viskosi hiyo hiyo. Marekani mwaka 2009 tume ya serikali inayolinda walaji ilizishitaki kampuni kadhaa kwa kuziuza kama mianzi asilia.

Vitenge navyo viangalie. Maandishi ya pembeni yanasema pamba asilimia mia, uzi unasema mengine. Batiki ya mkono ni salama zaidi, na sababu yake naipenda: rangi wanazotumia akina mama wanaotengeneza batiki hazishiki kwenye poliesta, kwa hiyo inawalazimu kuanza na pamba. Ifue peke yake mpaka maji yatoke meupe, la sivyo shuka za mwenyeji wako zitakuwa za zambarau.

Kitani ni habari nyingine. Mmea wake haulimwi kwetu. Sehemu kubwa hulimwa kaskazini mwa Ufaransa na majirani zake, ndiyo maana kipya dukani ni ghali. Dawa yake ni mitumba. Nenda Karume asubuhi siku wanayofungua belo, na usiangalie mtindo, angalia kile kilebo cha ndani ubavuni. Kijerumani ni Leinen, Kifaransa lin, Kiitaliano na Kihispania lino. Pamba ni Baumwolle, coton, cotone, algodón. Lebo ikiwa imekatwa, tumia mkono: kitani ni cha baridi ukikishika, nyuzi zake zina vinundu hapa na pale, na ukikifumba kwenye ngumi kinatoka na makunyanzi kama uso wa babu. Suruali yangu ya kitani niliyoipata pale ndiyo nguo niliyovaa kuliko zote safari ya pili, hasa tulipokwenda Nizwa, bara, ambako joto ni kavu na kitani kilichofuliwa jioni kinakauka kabla hujamaliza kahawa. Wanaume wa huko wakiniangalia makunyanzi sikujali.

Sasa fundi. Kabla ya kumpelekea, loweka kitambaa usiku kucha, anika, piga pasi. Pamba hurudi, na fundi hatakukumbusha. Mwambie mambo haya bila haya: kwapa liwe pana, kiuno cha kamba badala ya lastiki, mfuko wa pembeni, na bitana asiweke. Bitana ndipo watu wengi wanapoliwa. Juu pamba safi, ndani fundi kakuwekea poliesta ya kung'aa, umerudi kule kule kwenye nailoni ya mkate. Kama kitambaa kinaonyesha, shona petikoti ya melimeli ivaliwe chini. Na hata kama utavaa baibui, ambalo karibu lote sokoni ni poliesta, kinachogusa ngozi ndicho cha kuhangaikia: gauni jepesi la pamba ndani, baibui pana juu.

Idadi? Mimi nabeba magauni matatu, suruali moja, blauzi mbili, petikoti mbili na khanga doti moja. Naviringisha, sikunji. Usiku nafua kwa kipande cha sabuni ya mche, naviringisha nguo ndani ya taulo na kulikanyaga, halafu naanika. Hapo kitambaa chembamba kinajilipa, maana pamba nzito ikilowa haikauki upesi na asubuhi utaivaa mbichi. Makunyanzi yanapungua ukiitundika bafuni wakati unaoga.

Doti yenyewe haikai kwenye begi kubwa, inakaa mkononi. Kwenye ndege baridi, kwenye maduka makubwa ya Muskat baridi kama bucha, na kutoka kwenye nyuzi 42 kuingia mle ghafla kunakutetemesha. Kipande kimoja begani, kingine taulo, mto, au cha kujifunika kichwa. Ukitaka kuuona Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, mwanamke hufunika nywele, mikono mpaka kwenye viganja na miguu mpaka kwenye vifundo, kwa hiyo angalau gauni moja liwe la mikono mirefu. Khanga mpya ifue kwanza, ina wanga na hainyonyi jasho.

Kwa aliyeuliza hapo juu mumewe avae nini: kanzu nyingi za madukani ni poliesta kwa sababu ile ile ya kutokunja. Ashonewe ya pamba, ndani avae kikoi. Na kama safari yenu ni ya Salala, kusini mwa Oman, sahau nusu ya niliyoandika. Kule mwezi wa saba ni msimu wa khareef, manyunyu na ukungu, watu wa Muskat ndiko wanakokimbilia. Chukua koti jepesi.

Zawadi ya wenyeji usihangaike, wanawake wa Kiunguja walioko kule wanafurahia khanga kuliko chokoleti ya uwanja wa ndege. Ila soma jina kabla ya kulipa. Mimi nilichagua kwa rangi tu, nikamkabidhi shangazi sebuleni mbele ya mawifi zake wawili. Akaikunjua, akasoma kwa sauti maneno ya kumsuta mtu anayekula kwa watu halafu anawasengenya. Akanitazama juu ya miwani. "Haya, mwanangu. Hapa ndani umemkusudia nani?"